Mfumo wa takwimu za afya unaobadilishwa bila fundi: Uzoefu wa Zanzibar

MAMA mjamzito wa Madungu, shehia iliyomo katika mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, jina lake huandikwa katika rejesta. Mwisho wa mwezi jina hilo hubaki pale pale kituoni. Kinachosafiri ni tarakimu. Mama huyo huhesabiwa pamoja na wenzake, hesabu hupelekwa wilayani, na kutoka huko huvuka bahari hadi Wizara ya Afya, Unguja.

Mfumo wa kompyuta unaopokea hesabu hizo unafahamika kwa kifupi kama DHIS, yaani mfumo wa taarifa za afya wa wilaya. Umepata sifa duniani kwa jambo moja lililo adimu katika programu za maofisini: watumiaji wake wanaweza kuubadilisha bila kumwita mtaalamu aliyeuandika.

Asili yake ni Afrika Kusini. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, serikali mpya ya nchi hiyo ilirithi idara nyingi za afya zilizogawanywa kwa misingi ya rangi, kila moja ikiwa na fomu zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, Chuo Kikuu cha Cape Town na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway walitakiwa kutengeneza programu ya kukusanya takwimu wakati hakuna aliyejua kwa hakika ni takwimu zipi zingehitajika mwaka unaofuata. Wakaamua kuiacha wazi.

Uwazi huo unafanya kazi hivi. Katika programu ya kawaida, kila swali la fomu limechongwa ndani ya programu yenyewe, mfano wa kitabu cha stakabadhi kilichopigwa chapa vichwa vya safu kiwandani. Anayetaka safu mpya hana budi kurudi kwa mpiga chapa. DHIS inafanana zaidi na daftari la kaunta, ambalo mwenyewe huandika vichwa kwa mkono wake. Programu inajua mambo matatu tu: nini kimehesabiwa, wapi, na lini. Orodha ya hayo yanayohesabiwa si sehemu ya programu, bali ni maingizo katika hifadhidata, kama zilivyo hesabu zenyewe. Kuongeza swali ni kuongeza ingizo.

Faida yake ilionekana upande wa malaria. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, na katika miaka iliyofuata vikaja vipimo vya haraka na vyandarua vyenye dawa. Safu moja ya "malaria" haikutosha tena. Ilipasa kutenganisha waliopimwa, waliothibitishwa na waliotibiwa kwa dalili pekee. Katika mfumo ulio wazi, mabadiliko ya namna hiyo hufanyika kwa kuandika vipengele vipya na kanuni za kuvikagua. Kwa mfano, idadi ya waliokutwa na vimelea haiwezi kuzidi idadi ya waliopimwa. Kanuni hiyo huandikwa na ofisa wa takwimu, na programu huisoma na kuitii ikiwa inaendelea kufanya kazi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko DHIS. Mwaka 1958 John McCarthy wa Marekani alianza kubuni lugha ya Lisp, ambamo programu huandikwa kwa umbo lile lile la data zake, kiasi kwamba programu moja inaweza kuisoma na kuiandika upya nyingine. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox walitengeneza Smalltalk, mfumo unaoweza kurekebishwa ukiwa unatumika. Lahajedwali ya VisiCalc ya mwaka 1979 iliwapa makarani uwezo wa kuiamuru kompyuta bila hata kujiita waandishi wa programu. DHIS haifiki mbali kama Lisp, kwani haijiandiki yenyewe; lakini fomula za viashiria ambazo watumiaji huziingiza ni lugha ndogo iliyowekwa ndani yake.

Mfumo huo ulianza kutumika Zanzibar mwaka 2005, kwa msaada wa Denmark. Hapo ndipo udhaifu wa ulegevu ulipojitokeza, maana mfumo unaokubali kila fomu hukubali pia fomu mbovu. Programu mbalimbali za afya zilikuwa na fomu zake, na jambo moja liliweza kuulizwa zaidi ya mara moja kwa maneno tofauti.

Dawa yake haikuwa ya kompyuta. Iliandaliwa mikutano ya kila robo mwaka ambapo timu za wilaya, zikiwemo nne za Pemba, ziliwasilisha takwimu zao mbele ya wenzao na kuhojiwa. Katika kikao cha namna hiyo, wilaya yenye kiwango cha chanjo kinachozidi asilimia 100 hulazimika kueleza watoto wa ziada wametoka wapi. Uzoefu huo ulichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kutokana na mikutano hiyo fomu zilisahihishwa hatua kwa hatua, na mfumo ukazifuata. Kama kila sahihisho lingehitaji programu mpya, ni vigumu kuamini kwamba kazi hiyo ingeendelea.

Toleo la pili, DHIS2, lilianza kutengenezwa Oslo mwaka 2004 na kutumika kwa mara ya kwanza katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Ni programu huria. Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011. Mapema mwaka 2020, Sri Lanka iliutumia kufuatilia wasafiri wakati wa tishio la Uviko-19, na nchi nyingine zikaiga.

Hata hivyo, kuwezekana kubadilishwa si sawa na kuruhusiwa kubadilisha. Kwa kawaida mamlaka ya kuongeza au kufuta vipengele huachwa kwa watu wachache wa makao makuu. Tahadhari hiyo ina sababu: watu wawili wakitunga kipengele kimoja kwa majina mawili, hesabu hugawanyika, na maana ya "malaria" ikibadilika katikati ya mwaka, kushuka kwa mstari kwenye chati kunaweza kuwa ni kushuka kwa ugonjwa au mabadiliko ya fomu tu. Lakini anayeiona kasoro kwanza ni mhudumu wa kituoni, ambaye hana ufunguo.

Tena ipo karatasi. Kipengele kipya huingizwa katika kompyuta kwa dakika chache, ilhali rejesta zilizokwisha kupigwa chapa husubiri toleo jingine. Hadi hapo, safu inayokosekana huongezwa kwa rula na kalamu.