Kerisi ya Bali: Kisu cha Ukoo

Kisiwa cha Bali kimo katika Indonesia, mashariki ya Java. Watu wake wengi hushika dini ya Kihindu. Kwao jambia liitwalo kerisi huhesabiwa kuwa mali kuu ya ukoo. Baba humwachia mwanawe.

Wanaoifua ni wahunzi wa ukoo wa Pande, wenye heshima kubwa. Mhunzi huchukua chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli, huvitia motoni, huvifua pamoja na kuvikunja, tena na tena. Kisha kisu husafishwa kwa maji ya ndimu na arseniki. Ndipo chuma cha kawaida kinageuka cheusi, na chenye nikeli kinang'aa kama fedha. Hivyo hutokea mistari na maua yaitwayo pamori. Kerisi nyingine zimenyooka, nyingine zapindapinda kama nyoka aendaye, na hesabu ya mapindo haigawanyiki kwa mbili. Mipini ya wakubwa ilipambwa kwa dhahabu na vito.

Mwanamume wa Bali huichomeka mgongoni, mpini ukielekea bega la kulia. Kila baada ya siku 210 huja sikukuu ya Tumpek Landep. Siku hiyo silaha hutakaswa na kutolewa sadaka.

Lakini kerisi ina habari ya huzuni pia. Mwaka 1904 meli ya mfanyabiashara Mchina ilivunjika pwani ya Sanur. Waholanzi walisema watu wa pale wameiba mali yake, wakamdai mfalme wa Badung fidia. Mfalme akakataa. Tarehe 20 Septemba 1906 askari wao walifika Denpasar. Mfalme akatoka na jamaa zake, hata wanawake na watoto, wamevaa nguo nyeupe, kerisi mikononi. Hawakukimbia. Wengi waliuawa kwa risasi. Wengine walijiua kwa kerisi zao. Kufa huko huitwa puputan. Tarehe 28 Aprili 1908 ikawa vivyo hivyo huko Klungkung.

Washindi walichukua kerisi, zikawekwa katika makumbusho ya Uholanzi. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza sifa ya kerisi ya Indonesia mbele ya dunia nzima. Na mwaka 2023 serikali ya Uholanzi iliamua kurudisha vitu vingi Indonesia, kerisi ya Klungkung ikiwemo.

Basi, aliyeitazama kerisi katika kabati la kioo aliona chuma kizuri. Watu wa Klungkung wanaona humo wazee wao waliokufa. Ndiyo sababu kuirudisha kulikuwa jambo la haki, ijapokuwa miaka zaidi ya mia ilikuwa imepita.