Nabokov na Kipepeo wa Karner

Wengi wetu tunamjua Nabokov kwa Lolita tu. Lakini huyu mzee alikuwa mtu wa vipepeo hasa, na ndiye aliyempa jina la kisayansi kipepeo mdogo wa buluu wa Karner, New York, mwaka 1944.

Kiwavi wake anachagua mno: hali chochote ila lupini ya porini. Lupini zilipopungua Ohio, naye akatoweka. Mwaka 1998 akarudishwa. Bustani ya wanyama ya Toledo ilileta majike kutoka Michigan, wakataga, viwavi wakalelewa ndani, huku The Nature Conservancy ikiandaa lupini kwenye hifadhi ya Kitty Todd. Kwangu, hawa wa lupini ndio wenye kazi. Kulea viwavi pasipo shamba la kuwapeleka ni kufuga tu.

Nabokov hakuyaona, alifariki 1977.