Ruta ya buluu iliyokataa kuzeeka

Mimi ni fundi wa mitandao, na ruta ninayoiheshimu kuliko zote ni WRT54G ya Linksys, ile ya buluu na nyeusi yenye antena mbili nyuma. Ilitoka mwishoni mwa 2002. Mwaka 2003 watundu wa kompyuta waligundua kuwa ndani yake mna mfumo endeshi wa Linux, na leseni yake huria ya GPL ikaibana kampuni itoe msimbo hadharani. Kutokana na msimbo huo, mwaka 2004 ikazaliwa OpenWrt, programu huria inayowekwa kwenye ruta badala ya ile ya kiwandani. Toleo la tano la WRT54G lilinyang'anywa Linux, na kumbukumbu ikapunguzwa kutoka megabaiti 16 hadi 8. Ndipo ikaletwa WRT54GL ya kuirudisha Linux. Kabla hujatupa ruta yako, ndugu msomaji, angalia kwanza kama OpenWrt inaikubali.