Ukaazi wa Wazee Wanaorejea: Fundisho la Unyanyembe

Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine hupoteza wa kwake kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya 1995. Kwa miaka mingi, alipozeeka na kutaka kurudi alikozaliwa, aliingia kwa viza ya matembezi isiyozidi siku 90, au aliomba kibali cha ukaazi kama mgeni yeyote. Makala haya yanadai kwamba mzee wa aina hii asipimwe kwa siku. Apimwe kwa mambo mawili yaliyoamua ukaazi katika Tabora ya kale: udugu na wajibu.

Katikati ya karne ya 19, Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Wageni walikaa miezi, wengine miaka. Mpelelezi Livingstone alifika Kwihara, karibu na Tabora, pamoja na mwandishi Stanley Februari 1872, akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, akawa mkwe wa watawala. Mgeni alipata nafasi kwa mwenyeji aliyempokea, kwa hongo (ushuru wa njia) aliyoitoa na kwa ndoa.

Hata hivyo, udugu peke yake haukutosha. Karibu mwaka 1860 Mtemi Mnywa Sele aliwatoza kodi wafanyabiashara wa Kiarabu. Walikataa, wakashirikiana na wapinzani wake kumng'oa, na Mkasiwa akasimikwa mahali pake. Vita viliendelea hadi Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Mkaazi aliyekwepa wajibu aligeuka mtawala juu ya wenyeji wake, na hofu hiyo bado ina msingi hata leo.

Tutazame sasa suala letu. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka nchini Oman mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Oman waliozaliwa Afrika Mashariki walihamia huko na kupata uraia. Chukua mfano wa mzee wa namna hiyo aliyezaliwa Tabora: wazazi wake wamezikwa hapo, dada yake bado yu hapo, naye anazungumza Kinyamwezi. Afisa uhamiaji hana pa kuyaandika hayo. Madaraja ya vibali yamepangwa kwa shughuli: A kwa wawekezaji, B kwa waajiriwa, C kwa makundi kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mzee huyu haji kuwekeza wala kuajiriwa; anakuja kuishi na nduguze.

Wapinzani wa wazo hili wanahofia ardhi, na hoja yao ni nzito. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwishoni mwa 2024 Serikali ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha sheria ya uhamiaji na ile ya ardhi kwa pamoja, ili kuanzisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Nia ni njema, lakini kuishi na kumiliki ni haki mbili tofauti. Mzee anaweza kulala nyumbani kwa dada yake bila kudai hata shamba moja.

Kwa hiyo, mzee anayethibitisha kuzaliwa nchini na kuwa na ndugu wa kumpokea apewe ukaazi wa kudumu, alipe kodi, atii sheria, na suala la ardhi liamuliwe peke yake. Asilazimishwe kuhesabu siku katika mji aliozaliwa.