Bundi wa Kaskazini na Njia Tatu za Kumjua

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakupeleka mbali, kwenye misitu ya misonobari ya Kanada, Urusi, Sweden na Finland. Humo anaishi bundi mkubwa wa kijivu, ambaye si rahisi kumwona hata kwa wakaao huko.

Ukimtazama utamdhania jitu. Urefu wake huweza kufika sentimita 80, na mabawa yakikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu. Kichwa ni cha mviringo. Uso ni sahani pana yenye duara ndani ya duara, na katikati yake macho madogo ya manjano. Lakini mweke kwenye mizani: kilo moja na kitu, uzito wa kuku. Kilichobaki ni manyoya, blanketi lake la kukabili baridi.

Ile sahani ya uso si pambo. Hukusanya sauti na kuzipeleka masikioni. Sikio moja liko juu kuliko la pili, na kwa tofauti hiyo bundi hutambua mahali panya anapopita chini ya theluji. Hujitupa na kumnyakua bila ya kumwona.

Je, wataalamu wa Ulaya walimjuaje? Walimjua akiwa maiti. Mwaka 1772 Johann Reinhold Forster alichapisha mjini London maelezo ya ndege waliotoka Hudson Bay, waliokusanywa na Andrew Graham, mtumishi wa kampuni iliyonunua ngozi za wanyama huko. Forster akampa bundi huyu jina la Kilatini lenye maana ya ukungu. Ajabu ni kwamba ndege huyo huyo alikuwa akiishi Ulaya pia, lakini ilibidi avuke bahari akiwa amekufa ndipo apewe jina.

Desturi hiyo haikukoma upesi. Bundi huyu hamwogopi sana binadamu, na upole wake ulimponza. Aliyetaka kumchunguza alimpiga risasi, kisha akamjaza pamba.

Baadaye alitokea Robert Nero, katika jimbo la Manitoba, Kanada. Yeye aliwakamata wazima, akawavisha pete miguuni, akawaachia. Mwaka 1984 alichukua kinda mmoja wa kike, akamwita Lady Gray'l, na kwa takriban miaka 20 akamtembeza mashuleni ili watoto wamwone kwa macho yao. Mwaka 1987 Manitoba ikamfanya bundi huyu kuwa ndege wa jimbo.

Hata hivyo hatari hazijesha. Katika majira ya baridi ya 2004 na 2005 njaa iliwashusha bundi hawa kwa maelfu hadi Minnesota, Marekani. Wakawinda kando ya barabara, na wengi wakagongwa na magari.

Nakumbuka kwetu utotoni, bundi akilia juu ya paa, wakubwa walisema ni mkosi, nasi tukaokota mawe. Wazungu hawakumwita mchawi walipomwua bundi wa Hudson Bay. Walimwua kwa ajili ya elimu. Sisi tulimwua kwa hofu. Kwa bundi ni mamoja. Njia ya Nero ndiyo ya tatu: tulia, tazama, mwache aende zake. Haihitaji bunduki wala jiwe, ila subira. Nami naona hata chini ya miembe yetu tungeweza kuianza usiku huu.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.