Ushauri wa ndoa na familia kwa wapiganaji wa zamani, Kalundu na Uvira

Ushauri huu ni kazi ya kuwasaidia watu walioacha silaha, pamoja na wenzi na watoto wao, waishi chini ya paa moja bila kuogopana. Makala hii inaieleza kama inavyofanyika Kalundu, mtaa wa bandari kusini mwa mji wa Uvira, Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika mwambao wa jirani kuanzia bonde la Ruzizi hadi Baraka. Nchini Marekani mwenye kazi hii huwa na shahada na leseni, na sheria iliyopitishwa mwaka 2006 iliiruhusu idara inayohudumia wanajeshi wa zamani kumwajiri kwa taaluma yake hiyo. Kalundu taaluma hiyo haina ajira ya serikali. Anayeifanya ni msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, ambaye watu humwita APS tu, au ni muuguzi wa kituo cha afya, katekista, mke wa mchungaji, mzee wa ukoo.

Hata hivyo tofauti ya vyeti ni ndogo kuliko tofauti ya vita vyenyewe. Vitabu vya fani hii viliandikwa vikimfikiria askari aliyeoa, akapelekwa vitani mbali, akarudi nyumbani na vita kichwani. Katika mwambao huu mara nyingi mpangilio ulikuwa kinyume: vita vilitangulia, ndoa ikaanzia humo humo, na vita vyenyewe havijaisha. Mshauri anayeanza na ndoto mbaya za mume kabla ya kuuliza ndoa ilivyofungwa, na kama ilifungwa, anadandia habari katikati.

Wapiganaji wenyewe

Mei 1964 waasi wa Simba chini ya Gaston Soumialot waliiteka Uvira. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Fizi, kuwaunga mkono wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila. Oktoba 1996 Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuangukia AFDL, kundi lililowafanya watoto wenye bunduki wajulikane nchi nzima kwa jina la kadogo. Agosti 1998 ukaja uasi wa RCD, na milimani wakazidi wanamgambo wa Mai-Mai, ambao Oktoba 2002 waliingia Uvira kwa siku chache kabla ya kutimuliwa. Tangu 2023 jina linalovuma ni Wazalendo, wanamgambo wa sasa. Si ajabu ukoo mmoja kuwa na babu aliyekuwa Simba, baba aliyekuwa Mai-Mai na mjukuu aliye Mzalendo, kila mmoja akiwa na maelezo yake ya kwa nini vita vyake vilikuwa vya haki. Wengi wao hawakuwahi kuandikwa katika daftari la jeshi la serikali, kwa hiyo hawana kadi wala pensheni.

Kuna pia askari wa kawaida na familia zao. Force Publique, jeshi la kikoloni, liliwaweka askari kambini pamoja na wake zao, na wanawake waliandamana na vikosi safarini. Desturi hiyo haijafa: familia za askari wa FARDC, jeshi la sasa la taifa, bado huhama nao kutoka mkoa hadi mkoa. Mke wa namna hii ameviona vita kwa macho yake, na huenda anaumwa na yale yale yanayomsumbua mumewe. Mume akifa au akitoroka, anabaki mgeni katika mji usio na ndugu yake hata mmoja.

Mipango ya kuwarudisha uraiani

Tume ya CONADER, iliyoundwa Desemba 2003, iliwapitisha wapiganaji katika vituo ambako kila mmoja alichagua kuingia jeshi jipya au kurudi uraiani. Katika bonde la Ruzizi, Luberizi ilikuwa na kituo cha kuwachanganya waliochagua jeshi. Waliochagua uraia walipewa dola 110 wakiondoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Fedha zilikabidhiwa mpiganaji. Mkewe hakuulizwa lolote. Aliyekuja bila bunduki alipata shida kukubaliwa kuwa ni mpiganaji, na kwa kigezo hicho wanawake wengi waliobeba mizigo, waliopika na waliopigana porini wakaachwa nje ya orodha.

Awamu ya tatu ya mipango hii iliwapeleka wapiganaji mbali na kwao, katika kambi za Kamina, Kitona na Kotakoli. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba zaidi ya watu 100, wapiganaji pamoja na wake na watoto wao, walikufa Kotakoli kwa njaa na maradhi. Habari hiyo ilifika Kivu upesi, na ni sehemu ya sababu ya mtu kucheka anapoambiwa kwamba serikali itamtunza. Mpango wa sasa, PDDRC-S, ulianzishwa Julai 2021 na unasisitiza mtu kupokewa katika jamii yake mwenyewe. Kwa maandishi ni hatua nzuri. Lakini jamii ni watu, na mtu wa kwanza kumpokea ni mke, ambaye mipango hii yote imemtaja kwa haraka.

Yanayomfikia mshauri

Malalamiko ya kwanza huwa madogo. Bwana halali. Bwana hataki mlango ufungwe, au hataki ufunguliwe. Amempiga mtoto kwa kuangusha sufuria. Anakunywa kanyanga tangu asubuhi. Mke amejifunza kumwamsha kwa kusimama mlangoni na kumwita jina, kwa sababu siku aliyomgusa bega alishikwa koo. Dalili hizi ziliingizwa rasmi katika orodha ya magonjwa ya akili ya madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Mke wa Kalundu hahitaji orodha hiyo ili ajue kwamba mumewe hakurudi mzima. Anachohitaji ni kusikia kwamba mumewe hajalogwa, na kwamba wapo wengine kama yeye.

Baada ya vikao viwili vitatu hutokea la pili, ambalo ni mahari. Kijana aliyeingia msituni akiwa na miaka 13 hakupata wa kumtolea mbuzi wala ng'ombe. Ametoka na mke na watoto wawili, na wakwe hawamtambui. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, bado inaitaja mahari kuwa sharti la ndoa. Kwa desturi za huku, baba asiyetoa mahari hana sauti kamili juu ya watoto, na mume aliyekuwa akiamrisha watu kwa bunduki sasa anadharauliwa na shemeji yake mezani. Hasira inayodhaniwa kuwa ya vita huenda ni ya aibu hii. Hapo mshauri hufanya kazi isiyo katika kitabu chochote cha Ulaya: anatafuta wajumbe wa koo mbili, anawakalisha, wanapanga malipo ya kidogo kidogo. Nimeona watu wa mashirika wakikiona kikao cha mahari kama jambo la pembeni. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kikao chenyewe.

Jambo la tatu hufichwa zaidi. Baadhi ya wake hao walitekwa. Sheria ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono iliifanya ndoa ya kulazimishwa kuwa kosa la jinai, na hakuna mazungumzo ya upatanisho yanayoifuta. Ndiyo maana mshauri makini humwona mwanamke peke yake kabla ya kuwakalisha wawili, na humuuliza kwa maneno ya kawaida: ulifikaje kwake, na ungeondoka kama ungekuwa na pa kwenda? Wapo wanaojibu kwamba wangeondoka. Kazi hubadilika papo hapo: inakuwa ya kumtafutia usalama, matibabu na njia ya kurudi kwao. Wapo pia wanaojibu kwamba walitekwa kweli, lakini leo huyu ndiye mume wao, na hawataki kuchaguliwa maisha mara ya pili.

Hata salamu ina mitego. Mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Baba Fulani, Mama Fulani. Pale mtoto wa kwanza alipozaliwa na mwanamume mwingine porini, mshauri anayeita hivyo bila kuuliza amewasha moto kabla watu hawajakaa.

Njia zinazotumika

Tiba ya simulizi iliyoundwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, imejaribiwa mashariki mwa Kongo kwa sura maalumu ya wapiganaji. Kamba hunyooshwa sakafuni kuwa maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Ua huwekwa penye furaha, jiwe penye mateso, na kijiti pale alipomtesa mwingine. Kijiti ndicho kilichoongezwa kwa ajili ya wapiganaji, kwani watafiti hao walikubali jambo ambalo washauri wengi huliogopa: wapo waliozoea kuua hata wakapata raha ndani yake, na asiyeruhusiwa kulisema hilo hawezi kuliacha. Kisha mtu husimulia kwa mpangilio, na mshauri huandika.

Njia ya pili ni ya vikundi. Living Peace ilianzia Goma katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano wa shirika la Promundo na Institut Supérieur du Lac, mwanasaikolojia Benoit Ruratotoye akiwa miongoni mwa waasisi, kisha ikaenea hadi Kivu Kusini. Wanaume hukutana mara 15, juma kwa juma, na wake hualikwa katika baadhi ya vikao. Tiba ya wenzi iliyoandikwa na Candice Monson na Steffany Fredman nayo ina vikao 15. Sadfa tu, lakini kwa mvuvi wa Kalundu 15 ni vingi.

Mazingira ya kazi

Wapiganaji wa zamani hapa huendesha pikipiki za abiria, hubeba mizigo bandarini au huvua ndagala usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi hulala, na wanaume wako nyumbani. Hizo ndizo siku za kupangia vikao vya wawili. Mafuriko ya Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika, na kupanda kwa maji ya ziwa tangu hapo kumewaondoa watu wengi katika nyumba zao, na familia tatu zinapobanana katika chumba cha kupanga hakuna siri inayokaa.

Lugha nayo hugawanyika. Vita husimuliwa kwa Kilingala, lugha ya jeshi, ugomvi wa nyumbani kwa Kiswahili, na mambo ya ukoo kwa Kibembe, Kifuliiru, Kivira au Kinyamulenge. Mshauri mwenyewe ana kabila, na anayeketi mbele yake amelijua kabla ya salamu kwisha.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu na serikali ya mkoa ikahamia Uvira. Desemba mwaka huo huo wakaingia Uvira yenyewe. Katika hali kama hiyo mteja aliyekuwa kwenye kikao cha sita anaweza kuonekana kesho yake amebeba silaha. Vikao huendelea na mke, au hukatika.

Hatari kubwa iko kwenye karatasi. Tiba ya simulizi humalizika kwa mtu kukabidhiwa maisha yake yakiwa yameandikwa na kusomwa kwa sauti. Ujerumani hati hiyo ni zawadi. Uvira, ikikutwa mfukoni kwenye kizuizi, inasema alikuwa kundi gani, alimuua nani na wapi. Kwa hiyo inafaa isomwe na kuchomwa mbele yake, na daftari la mshauri lisiwe na majina, bali namba anazozifahamu yeye peke yake, bila tarehe wala jina la kijiji.