Meli Ilijenga Musoma, Lori Likajenga Bunda

Kwa sisi tuliokulia Musoma, Bunda ilikuwa mahali pa kuchimba dawa na kununua mahindi ya kuchoma wakati basi la Mwanza limesimama. Hatukuiita mji. Leo ndugu zangu wawili wamefungua maduka huko, nami najiuliza njia panda ilipata wapi nguvu hizo huku bandari yetu ikisinzia.

Jibu linaanzia majini. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, ziwa zima lilipata mlango wa kwenda Mombasa. Pamba na ngozi za huku kwetu zikapanda meli. Musoma, iliyokaa kwenye ulimi wa nchi kavu unaoingia ziwani, ikawa mahali pa serikali, maduka na shule. Ndiyo maana mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito alitoka Butiama kwenda kusoma Mwisenge.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, gati letu likabaki linautazama mlango uliofungwa. Baadaye mzigo ulihamia kwenye malori, na barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari haiingii Musoma. Ukifika Makutano unakata kushoto. Bunda, kinyume chake, imekaa juu ya barabara hiyo hiyo, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Kisorya kwenda kwenye kivuko cha Ukerewe. Pamba, dagaa, ng'ombe na mahindi vinakutana hapo bila kuitwa na mtu. Uingereza ya kale mji ulihitaji hati ya mfalme ili ufanye soko. Hati ya Bunda ni lami.

Wapo wanaoamini kwamba mji huletwa na mkubwa. Butiama inawajibu. Ilimzaa Mwalimu, ina kaburi lake na makumbusho yake, tena sasa ni wilaya. Hata hivyo, mwenye duka anayetafuta bei ya jumla bado anapanda gari kwenda Musoma au Bunda. Heshima huleta wageni, lakini soko hufuata njia.

Ila njia nayo ina mwenyewe. Viwanda vya minofu ya sangara viliipa Musoma pumzi mpya miaka ya 1990. Mwaka 1999 Ulaya ikazuia samaki wa Ziwa Victoria, na uamuzi uliotolewa mbali ukaingia hadi jikoni kwetu.

Kwa hiyo ndugu zangu wakitania kwamba Musoma imekwisha, nawauliza: katika vitu mnavyouza, vingapi vimetengenezwa Bunda? Mji unaoishi kwa mizigo inayopita unaweza kupitwa pia. Musoma ilidhani ziwa halihami. Kweli halikuhama, mzigo ndio uliohama.